Kikurdi na Kixhosa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasemaji wa Kiswahili

Ukurasa huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa isimu, mfasiri, na yeyote aliyeamua kujifunza mojawapo ya lugha hizi huku Kiswahili ndicho anachokijua. Mifano ya Kikurdi ni ya Kikurmanji, mojawapo ya lahaja zake kuu, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Je, lugha hizi zina undugu?

Hapana, hata wa mbali. Kikurdi ni lugha ya Kiirani katika familia ya Kihindi-Kiulaya. Jamaa zake ni Kiajemi, Kibaluchi na Kipashto. Kixhosa ni Kibantu cha tawi la Nguni, pamoja na Kizulu, Kiswati na Kindebele. Mwenye ndugu hapa ni Kiswahili: katika mpangilio wa Guthrie, unaozipa lugha za Kibantu herufi na namba, Kixhosa ni S41 na Kiswahili ni G42.

Mara nyingi watu huleta mfano wa *min* la Kikurdi na *mna* la Kixhosa, yote yakiwa na maana ya "mimi", wakidhani wamepata ushahidi. Maneno mafupi hufanana kwa bahati duniani kote. Undugu hupimwa kwa mfululizo wa maneno ya kila siku, na kwa sauti zinazobadilika kwa utaratibu ule ule kila mara. Tazama t ya Kiswahili inavyokutana na th ya Kixhosa: tatu na *-thathu*, mti na *umthi*, tuma na *thuma*. Tazama pia b iliyodondoka au kulegea katika Kiswahili: ona na *bona*, -wili na *-bini*. Ukiweka kando ya hayo namba za Kikurdi, yaani *yek, du, sê, çar, pênc*, hupati utaratibu wowote.

Wasemaji ni wangapi na wako wapi?

Sensa ya Afrika Kusini ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 ambao Kixhosa ni lugha yao ya kwanza, kama asilimia 16 ya wananchi. Wengi wako Eastern Cape na Western Cape. Katiba ya Zimbabwe ya 2013 nayo inakitaja miongoni mwa lugha 16 rasmi.

Kwa Kikurdi hakuna hesabu moja ya kuaminika, kwa kuwa wasemaji wamegawanyika kati ya Uturuki, Iraki, Irani na Syria, na serikali hizo hazikuwa na hamu ya kuwahesabu kwa lugha. Uturuki haijachapisha takwimu za lugha ya mama tangu sensa ya 1965. Makadirio mengi huangukia kati ya milioni 25 na 40. Ukikutana na tarakimu kamili hadi mtu wa mwisho, itilie shaka.

Nimeambiwa nitafsiri "kwa Kikurdi". Nianzie wapi?

Uliza kwanza: Kikurdi kipi? Kazi nyingi huharibika hapa kabla neno la kwanza halijaandikwa. Kikurmanji husemwa Uturuki, Syria, kaskazini mwa Iraki (eneo la Duhok, ambako huitwa Badini) na Armenia. Kisorani husemwa Sulaymaniyah, Erbil na magharibi mwa Irani. Kusini zaidi kuna lahaja za Kermanshah na Ilam. Kizazaki na Kigorani huingizwa katika Kikurdi na wasemaji wengi kwa sababu ya utambulisho wao, ingawa wanaisimu wengi huziweka kando.

Tofauti ya Kikurmanji na Kisorani inakwenda mbali kuliko lafudhi. Kikurmanji kina jinsia mbili za nomino, Kisorani hakina. Kisorani kina kiambishi cha kuonyesha kitu kinachojulikana, *-eke*, Kikurmanji hakina. Na kila kimoja kina hati yake: Kikurmanji kwa kawaida huandikwa kwa herufi za Kilatini, Kisorani kwa herufi za Kiarabu zilizorekebishwa. Kipeperushi cha Kisorani kwa mama aliyetoka Diyarbakır ni karatasi tupu.

Kwa hiyo mwulize mteja mambo mawili: wasomaji wametoka mji gani, na wamezoea hati ipi. Kisha andika msimbo sahihi kwenye faili: *kmr* kwa Kikurmanji, *ckb* kwa Kisorani. Msimbo *ku* pekee hautoshi.

Kixhosa hakina tatizo hilo. Lahaja zipo, kama za Wampondo na Wabhaca, lakini maandishi sanifu ni mamoja, yamejengwa juu ya usemi wa makundi mawili ya Waxhosa, Wangqika na Wagcaleka. Msimbo ni *xh* au *xho*, basi.

Mbona zote zina herufi c, q na x, na zote hutamkwa ajabu?

Herufi ni zile zile, lakini sauti hazikaribiani. Katika Kikurmanji, *c* ni j ya "jirani". Hilo neno lenyewe wanalo, wanaliandika *cîran*. *Q* ni k inayotamkwa nyuma kabisa kooni, kama qaf ya Kiarabu. *X* ni kh ya "kheri" kwa anayeitamka kwa sauti ya Kiarabu. Ongeza *ç* ambayo ni ch, *ş* ambayo ni sh, na *j* isiyo j yetu bali ni z iliyolainishwa, sauti ambayo Kiswahili hakina.

Katika Kixhosa, *c, q, x* ni vidoko vitatu, yaani sauti zinazopigwa kwa ulimi bila pumzi ya mapafu.

Nchini Uturuki, q, w na x zilikuwa na kesi yake. Hazimo katika alfabeti ya Kituruki iliyowekwa kisheria mwaka 1928, na kwa miaka mingi jina la mtoto lenye herufi hizo lilikataliwa kwenye vitabu vya usajili. Mabadiliko yaliyotangazwa Septemba 2013 ndiyo yaliyozifungulia mlango.

Vidoko hutamkwaje?

Kila kidoko hufuata hatua zile zile. Kwanza, nyuma ya ulimi hugusa kaakaa laini, pale unapotamkia k, na kuziba. Pili, sehemu ya mbele ya ulimi huziba mahali pengine. Tatu, ulimi unashuka kidogo katikati huku pande zote mbili zimezibwa, hewa iliyonaswa inapungua. Nne, unafungua mbele kwa ghafla, na hewa inaingia kwa kishindo. Pumzi ya mapafu haihitajiki, ndiyo maana unaweza kupiga kidoko huku ukihema kwa pua.

Kinachobadilika ni mahali pa kufungulia. Kwa *c*, ncha ya ulimi iko nyuma ya meno ya juu. Ni karibu na ile "ts, ts" fupi ya kusikitika, si msonyo mrefu. Jaribu *-cela* (omba) na *incwadi* (kitabu). Kwa *q*, ncha iko juu zaidi, kwenye kaakaa gumu, na inaachia chini kwa nguvu, mlio mnene: *iqanda* (yai), *-qala* (anza). Kwa *x*, ncha inabaki palepale na upande mmoja wa ulimi ndio unaofunguka karibu na magego: *ixesha* (wakati), *uxolo* (amani, au samahani).

Vidoko vyote ni 18, kwa kuwa kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina namna sita: kitupu, chenye pumzi (*ch, qh, xh*), chenye mghuno, yaani mtetemo wa koo (*gc, gq, gx*), na namna tatu za puani (*nc, ngc, nkc* na wenzake). Usianze na zote. Shika c, q, x tupu kwa wiki moja kati ya irabu mbili: *aca, aqa, axa*. Kosa la kawaida ni kutamka k kwanza kisha kidoko, "ak-ca". Likikutokea, punguza mwendo hadi irabu, kidoko na irabu viungane bila nafasi.

Na jina la lugha lenyewe lina *xh*: kidoko cha ubavuni kinachofuatwa na pumzi. Kusema "Kikosa" kunaeleweka, ila si matamshi yao.

Vidoko vilitoka wapi, maana Kiswahili ni Kibantu na hakina?

Vilitoka kwa majirani. Wanguni waliishi na kuoana na wasemaji wa lugha za Khoe na San kwa karne nyingi. Desturi ya *hlonipha* inatajwa kuwa ilichangia: mke alitakiwa kuepuka silabi za majina ya wakwe zake, hivyo akabadilisha sauti ndani ya maneno, na sauti ngeni za vidoko zilifaa sana kwa kazi hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kusafiri hadi Eastern Cape kusikia vidoko. Tanzania ina Kisandawe mkoani Dodoma na Kihadza kando ya Ziwa Eyasi. Pwani ya Kenya kuna Kidahalo. Hizo si Kibantu, na hazikumpa Mxhosa vidoko vyake, lakini sikio litazoea.

Ukiacha vidoko, Mswahili hukosea wapi katika matamshi ya Kixhosa?

Kwenye *th* na *ph*. Mswahili akiona *th* huisoma kama ya "thamani", na *ph* anaisoma f. Zote mbili ni makosa. *Th* ni t yenye pumzi, *ph* ni p yenye pumzi, *kh* ni k yenye pumzi. Msemaji wa Kimvita anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini tayari anajua kufanya hivyo. Wa bara ajaribu kuweka kiganja mbele ya mdomo, hewa iguse kiganja kwenye *-phi* (wapi) na isiguse kwenye p tupu.

Halafu *b* na *bh*. *B* tupu ya Kixhosa huvutwa ndani kidogo, karibu sawa na b ya "baba" inavyotamkwa pwani. *Bh* ni nzito, ya kusukumwa nje. *Ukubeka* ni kuweka. *Ukubheka* ni kuelekea. Kuna pia *hl*, ambayo ni l isiyo na mghuno, hewa ikipita kando ya ulimi, kama katika *-hlanu* (tano), na *rh* ambayo ni kh ya kooni: *irhafu* (kodi).

Toni haiandikwi lakini ipo. *Ithanga* ni boga au ni paja, kwa toni tu. Anayeanza asikate tamaa kwa hilo. Muktadha humwokoa mara nyingi.

Na Kikurdi?

Kikurmanji kina irabu nane: *a, e, ê, i, î, o, u, û*. Alama ya juu inabadilisha neno zima. *Şîr* ni maziwa, *şêr* ni simba, *şûr* ni upanga, *şor* ni -enye chumvi. *Kirin* ni kufanya na *kirîn* ni kununua: *min kir* ni "nilifanya", *min kirî* ni "nilinunua". Mfasiri anayeacha alama kwa sababu simu yake haina kibodi anaandika neno jingine.

I isiyo na alama ni fupi sana, karibu kumezwa. Msemaji wa Kiswahili huitamka kikamilifu, na *jin* (mwanamke) ikawa *jîn* (maisha).

Jinsia ya Kikurmanji na ngeli za Kixhosa: ni kitu kimoja?

Kazi yake ni moja: nomino inayalazimisha maneno mengine yaifuate. Lakini namna ni tofauti.

Kixhosa utakizoea upesi. *Umntu/abantu* ni mtu/watu, *umthi/imithi* ni mti/miti, *isitya/izitya* ni chombo/vyombo vya chakula, *indlu/izindlu* ni nyumba, *ubuntu* ni utu, *ukutya* ni kula au chakula. Kila kiambishi kinatanguliwa na irabu ambayo Kiswahili kiliipoteza.

Mtego uko kwa wanyama. Kiswahili huwapa wanyama upatanisho wa watu: mbwa wangu analala. Kixhosa hakifanyi hivyo. *Inja yam iyalala*, yaani neno kwa neno "mbwa yangu inalala". *Izinja zam ziyalala*. Ng'ombe anayekula ni *inkomo iyatya*. Kila mwanafunzi Mswahili huandika *inja uyalala* katika mwezi wa kwanza.

Kikurmanji kina jinsia mbili tu, ya kiume na ya kike, na nomino yenyewe haionyeshi iko wapi. Huonekana inapounganishwa: *-ê* kwa kiume, *-a* kwa kike, *-ên* kwa wingi. *Destê min* (mkono wangu), *mala min* (nyumba yangu), *malên min* (nyumba zangu). *Hevalê min* ni rafiki yangu wa kiume, *hevala min* wa kike. Kariri kila nomino pamoja na *min*: usijifunze *av* (maji), jifunze *ava min*. Ukikariri neno peke yake, utalirudia upya baadaye.

Kiunganishi hicho huitwa izafe, na Mswahili anakielewa kupitia -a unganifu. Linganisha:

nyumba ya mwanamke – *indlu yomfazi* – *mala jinê*
nyumba yangu kubwa – *indlu yam enkulu* – *mala min a mezin*

Katika Kixhosa *ya* na *umfazi* zimeungana: a na u zimekuwa o. Vilevile a na i huwa e: *indlu yenja*, nyumba ya mbwa. Katika Kikurmanji kiunganishi kinagandana na kile kinachomilikiwa, na sifa ikija ya pili inahitaji kiunganishi chake kilichosimama peke yake, *a* katika mfano huu.

Mpangilio wa maneno?

Kixhosa ni kama Kiswahili: mtenda, kitenzi, mtendwa. Kikurdi huweka kitenzi mwisho.

Ninaiona nyumba kubwa – *Ndiyayibona indlu enkulu* – *Ez mala mezin dibînim*

Chambua la Kixhosa: *ndi-ya-yi-bona*, sawasawa na ni-na-i-ona. Angalia kanuni moja. Ukitaja kitu baada ya kitenzi bila kuweka kiambishi chake ndani, *-ya-* huondoka: *Ndibona indlu*. Ukikomea kwenye kitenzi, hurudi: *Ndiyabona*.

Tahadhari na viambishi vya nafsi. *Ni-* ya Kixhosa ni ninyi, si mimi: *niyahamba* ni "mnaenda". *Si-* ni sisi, si ukanushi: *siyabona* ni "tunaona", ambayo Mswahili huisikia kama "sioni". Kukanusha ni *andiboni*, na hapo ile -i ya mwisho mnakutana nayo tena: sioni, *andiboni*. Kikurmanji hukanusha kwa *na-* au *ne-* mbele ya kitenzi: *ez naçim* (siendi), *ez neçûm* (sikwenda).

Kwa nini Kikurdi hubadilika ghafla kwenye wakati uliopita?

Hili ndilo gumu kuliko yote katika Kikurmanji, na linastahili subira.

Wakati uliopo, kitenzi humfuata mtenda kama unavyotarajia. *Ez te dibînim*: mimi nakuona. *Ez* ni mimi kama mtenda, *te* ni wewe kama mtendwa, na *-im* ya mwisho ni yangu mimi.

Wakati uliopita, kitenzi kikiwa na mtendwa, mambo hugeuka. *Min tu dîtî*: nilikuona. Sasa mtenda amevaa umbo la *min*, mtendwa amevaa umbo la *tu*, na *-î* ya kitenzi ni ya wewe uliyeonwa. Kitenzi kinamfuata anayetendwa. *Min nan xwar* ni nilikula mkate. *Min sêv xwarin*, nilikula matufaha: *-in* ni ya matufaha.

Kwa Mswahili, njia ya kuingia ni sentensi kama "mkate umeliwa nami", ambamo kitenzi kinaufuata mkate. Itumie kama ngazi tu, maana *min nan xwar* si kauli ya kutendwa. Ni sentensi ya kawaida kabisa.

Vitenzi visivyo na mtendwa haviguswi: *ez çûm* (nilikwenda), *ez hatim* (nilikuja).

Ili uimudu, kariri jozi hizi sita kabla ya kitenzi chochote: *ez/min, tu/te, ew/wî* au *wê, em/me, hûn/we, ew/wan*. Kisha kwa kila kitenzi jifunze mashina mawili, kwa sababu la sasa mara nyingi halitabiriki kutokana na la zamani: *dîtin* na *bîn* (ona), *gotin* na *bêj* (sema), *xwarin* na *xw* (la), *xwestin* na *xwaz* (taka). Mwanafunzi aliyekariri *dîtin* peke yake hawezi kusema "naona".

Mfano wa kujipima: *Wî ew dît* na *Wî ew dîtin*. Ya kwanza, mwanamume alimwona mtu mmoja. Ya pili, aliwaona. Tofauti yote iko mwishoni mwa kitenzi.

Kixhosa hakina lolote la namna hii. *Ndiyibonile indlu*, nimeiona nyumba, basi.

Kuna maneno ya Kiswahili ninayoweza kuyatambua?

Katika Kikurdi, ndiyo, kupitia Kiarabu na Kiajemi: *kitêb* (kitabu), *qelem* (kalamu), *wext* (wakati), *dinya* (dunia), *hesab* (hesabu), *xeber* (habari), *sabûn* (sabuni), *heta* (hata, kwa maana ya mpaka), *pembû* (pamba), *çay* (chai). *Destûr* ni ndugu wa desturi, ila kwao ni ruhusa, au katiba. Waandishi wengi wa leo huepuka maneno ya Kiarabu, hivyo vitabuni utakuta *pirtûk* badala ya *kitêb* na *pênûs* badala ya *qelem*. Katika tafsiri rasmi tumia haya mapya, sokoni yale ya zamani.

Katika Kixhosa utatambua mengi zaidi, nayo ni ya urithi: *inyama, inyoka, inkukhu, ukufa, ukulima, ukufika, ukupheka*. Hatari ni yale yanayofanana sura na kutofautiana maana. *Ukuthenga* ni kununua. *Ukuthetha* ni kusema tu, hakuna anayemteta mtu. *Ukufunda* ni kujifunza au kusoma. Kufundisha ni *ukufundisa*. *Usuku* ni siku, na usiku ni *ubusuku*. *Utata* ni baba.

Maneno ya mkopo ya Kixhosa yametoka Kiafrikana na Kiingereza, kwa hiyo hayatakusaidia sana: *itafile* (meza), *isepha* (sabuni), *iswekile* (sukari).

Natafuta neno kwenye kamusi ya Kixhosa silioni. Kwa nini?

Kwa sababu unatafuta kwa kiambishi. Kamusi kubwa za Kixhosa hupanga maneno kwa mashina: *umntu* iko kwenye N, chini ya *-ntu*, *isitya* iko kwenye T. Ondoa irabu ya mwanzo, ondoa kiambishi, ndipo utafute.

Kuna ugumu wa pili. Sauti za midomo hubadilika mbele ya viambishi fulani vya mwisho. *Umlambo* (mto) ukipewa *-ini* ya mahali huwa *emlanjeni*. *Umlomo* (mdomo) huwa *emlonyeni*. *Ukubamba* (kushika) kwa kutendwa ni *ukubanjwa*, *ukuluma* ni *ukulunywa*. Ukiona *nj* au *ny* karibu na mwisho wa neno na kamusi haina, rudisha *mb* au *m* kisha ujaribu tena.

Kuandika kwa kompyuta kuna shida gani?

Kixhosa kinatumia herufi za kawaida tu. Tatizo ni herufi kubwa katikati: *isiXhosa, amaXhosa, eKapa*. Programu ya kusahihisha maandishi huzifuta, hivyo izime kabla ya kuanza. Maneno ni marefu pia, na kitufe kilichopimwa kwa neno fupi hakitatosha.

Kikurmanji kinahitaji *ç, ê, î, ş, û*. Kwenye kibodi ya Kituruki, bonyeza Shift na 3 kisha irabu, utapata ile alama. Lakini angalia mpangilio wa lugha wa programu yenyewe. Ikiwa ni Kituruki, ukigeuza *jin* kuwa herufi kubwa itatoka *JİN* yenye nukta juu, ilhali Kikurdi ni *JIN*. Hili huharibu mabango na vichwa vya habari kila siku. Weka lugha ya maandishi kuwa Kikurdi kabla ya kugeuza.

Kisorani kina shida iliyofichika zaidi. Herufi mbili zinaweza kuonekana sawa machoni na kuwa tofauti kwa mashine: ی (U+06CC) na ي (U+064A), ک (U+06A9) na ك (U+0643). Irabu e ni ە (U+06D5), lakini wengi huandika ه (U+0647) na kuiwekea alama isiyoonekana ya kuizuia isiungane. Matokeo yake, ukitafuta neno lililo mbele ya macho yako, unaambiwa halipo. Pitisha faili lote kwenye ubadilishaji wa herufi hizi tatu kabla ya kuhesabu maneno au kutafuta chochote.

Tafsiri ya mashine inaaminika?

Google Translate iliingiza Kikurmanji na Kixhosa pamoja Februari 2016. Kisorani kilifuata Mei 2022. Kwa kupata fununu ya barua, inafaa. Kwa kuchapisha, hapana.

Makosa yana mahali pake pa kudumu. Kutoka Kiswahili kwenda Kikurmanji, "alimwona" haisemi ni mwanamume au mwanamke, na Kikurmanji kinadai *wî* au *wê*. Mashine huchagua yenyewe. Angalia pia miisho ya vitenzi vya wakati uliopita. Kwenda Kixhosa, angalia upatanisho pale nomino ilipo mbali na kitenzi. Tafsiri fupi ni hatari kuliko ndefu: "nakupenda" ni *ndiyakuthanda*, neno moja, na *ez ji te hez dikim*, maneno matano, na mashine hupotea katika vipande vidogo.

Lugha hizi zimeandikwa tangu lini, na zina hadhi gani kisheria?

Kikurdi kina fasihi ya zamani zaidi: mashairi ya Ehmedê Xanî na Melayê Cizîrî ni ya karne ya 16 na 17. Gazeti la kwanza la Kikurdi lilitoka Cairo tarehe 22 Aprili 1898. Alfabeti ya Kilatini ya herufi 31 iliwekwa na Celadet Alî Bedirxan kupitia jarida la Hawar, Damascus. Toleo la kwanza ni la 15 Mei 1932, na tarehe hiyo sasa ndiyo siku ya lugha ya Kikurdi.

Kixhosa kilianza kuchapwa mwaka 1823, mtambo wa wamisionari wa Scotland ulipofika bonde la Tyhume. Biblia nzima ilitoka 1859, na mwaka 1884 John Tengo Jabavu akaanzisha gazeti lake Imvo Zabantsundu. Watanzania wana uhusiano nacho bila kujua: tuni ya wimbo wao wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, maneno yake ya kwanza yakiwa ya Kixhosa.

Kisheria, Kixhosa ni lugha rasmi kwa katiba ya Afrika Kusini ya 1996. Kikurdi ni rasmi Iraki, pamoja na Kiarabu, kwa katiba ya 2005. Uturuki ilikipiga marufuku kwa Sheria namba 2932 ya 1983, iliyofutwa 1991, na idhaa ya serikali inayotangaza kwa Kikurdi ilianza tarehe 1 Januari 2009. Uchache wa kamusi na vitabu vya shule unatokana na historia hiyo. Lugha yenyewe haina upungufu.

Ipi ni rahisi kwa Mswahili?

Kusoma, Kixhosa, kwa miezi michache utafuata habari za gazeti. Kutamka, Kikurmanji. Kuandika bila kosa, Kixhosa tena, kwa sababu wakati uliopita wa Kikurmanji huchukua muda mrefu kutulia. Kusikiliza, tumia redio: Umhlobo Wenene FM kwa Kixhosa, na Rudaw ya Erbil, ambayo hutangaza Kisorani na Kikurmanji, kwa hiyo hakikisha unachosikiliza ni kile unachojifunza.

Nisalimieje?

Kixhosa: *Molo* kwa mmoja, *Molweni* kwa wengi. *Unjani?* Jibu: *Ndiphilile, enkosi*. Shikamoo haipo, heshima iko kwenye jina: *Molo, tata* kwa mzee, *Molo, mama* kwa mama. Ukilijua jina la ukoo wake, yaani isiduko, litumie, kama watu walivyomwita Nelson Mandela Madiba. Anayebaki huambiwa *Sala kakuhle*, anayeondoka *Hamba kakuhle*.

Kikurmanji: *Rojbaş*. Kwa rika lako *Tu çawa yî?*, kwa mkubwa au usiyemjua *Hûn çawa ne?*, kwa umbo la wingi. Jibu: *Ez baş im, spas*. Mzee wa kiume anaweza kuitwa *mamo*, baba mdogo au mkubwa kwa upande wa baba, au *xalo*, mjomba. Usishtuke ukisikia *mamo* akiitwa mwanamume mwenye masharubu. Mama kwa Kikurmanji ni *dê*, au *dayê* unapomwita.